Fomu Iliyo Kwenye Simu ya Mhamasishaji wa Afya: Hubadilishwa Vipi, na Nani Huikagua?

*Maandishi kamili ya mazungumzo kwa wakazi, wahamasishaji wa afya wa jamii na vijana wa vyuo vya ufundi*



Karibu kila mkazi amewahi kubishiwa hodi na mhamasishaji wa afya. Hukaribishwa, huketi, kisha hutoa simu na kuanza kuuliza. Je, kuna mama mjamzito katika boma hili? Mtoto amepata chanjo zote? Kuna anayekohoa? Kila jibu huguswa kwenye kioo cha simu, na mwishoni simu hutoa shauri: mtoto huyu apelekwe zahanati leo, au mama huyu atembelewe tena baada ya siku kadhaa.

Wakazi wengi huamini kwamba shauri hilo linatoka kichwani mwa mhamasishaji. Wengine hudhani kuna daktari mahali fulani anayesoma majibu na kujibu papo hapo. Ukweli ni kwamba shauri hilo liliandikwa mapema, likawekwa ndani ya fomu, na fomu hiyo ikatumwa kwenye simu. Mazungumzo ya leo yanahusu safari ya fomu hiyo: inavyoandikwa, chombo kinachoipeleka kwenye maelfu ya simu, na kwa nini mwananchi wa kawaida ana haki ya kujua jambo linaloonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao.

Kutoka kwenye daftari hadi kwenye simu

Kwa miaka mingi wahamasishaji walitembea na vitabu vya Wizara ya Afya. Kulikuwa na rejista ya kaya, MOH 513. Kulikuwa na kitabu cha huduma, MOH 514. Kulikuwa na fomu ya rufaa, MOH 100, ambayo mgonjwa aliibeba mkononi hadi kituoni. Vitabu vililowa mvua, vikaraswa na watoto, na hesabu za mwisho wa mwezi zilifanywa kwa kalamu na kikokotoo.

Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Rais William Ruto alizindua mpango wa kuwapa vifaa wahamasishaji 100,000 wa kaunti zote 47. Mwezi uliofuata, Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 ilitiwa saini na kuwatambua wahamasishaji hao kisheria. Pamoja na mkoba wa vifaa ikaja simu, na ndani ya simu ukaja mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii unaofahamika kwa kifupi kama eCHIS.

Mfumo huo umejengwa juu ya msingi unaoitwa Community Health Toolkit, au CHT. Msingi huo unasimamiwa na shirika lisilo la kibiashara la Medic. Mbegu yake ilipandwa nchini Malawi, katika hospitali ya St. Gabriel's iliyoko Namitete, ambako ujumbe mfupi wa simu ulitumiwa kuwaunganisha wahudumu wa vijijini na hospitali iliyokuwa mbali nao. Msimbo wa CHT uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuupakua na kuutumia bila kulipia leseni.

Sifa moja ya msingi huu inawafaa sana wakazi wa maeneo yasiyo na mtandao: simu hufanya kazi hata pasipo intaneti. Taarifa huhifadhiwa ndani ya simu, na mhamasishaji akifika penye mtandao, simu na seva hubadilishana yaliyo mapya.

Pumzi 50 kwa dakika

Kabla ya kuzungumzia kompyuta, inafaa kumzungumzia mtoto anayekohoa.

Miongozo ya afya inayotumika kote duniani inasema hivi kuhusu mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika moja, huyo anapumua kwa kasi. Mtoto wa miezi 12 hadi miaka 5, kipimo ni pumzi 40 au zaidi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, kipimo ni 60 au zaidi. Kupumua kwa kasi ni dalili ya nimonia, na nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi walio chini ya miaka 5.

Sasa chukua mfano. Mhamasishaji anahesabu pumzi za mtoto wa miezi minane kwa dakika nzima. Anapata 50 kamili. Anaandika 50 kwenye simu. Fomu ikiwa sawa, itamwambia ampeleke mtoto kituoni. Lakini tuseme aliyeandika fomu alikusudia kuandika "50 au zaidi", akaandika "zaidi ya 50". Kinachokosekana ni alama moja tu ya "sawa na". Simu itasema mtoto yuko salama. Mama atashukuru, mhamasishaji atakwenda boma la pili, na mtoto atabaki nyumbani na nimonia.

Katika kitabu cha karatasi, kosa la mtu mmoja lilibaki kwenye kitabu kimoja. Katika simu, kosa la mtu mmoja linaweza kuwa kwenye kila simu kabla ya jua kutua. Hiyo ndiyo sababu mkazi anapaswa kujua fomu inavyobadilishwa.

Programu za msimbo mchache

Zamani, programu ya kompyuta iliandikwa yote na waandishi wa msimbo. Daktari au muuguzi alieleza anachotaka, fundi akaandika, na maelezo mengi yalipotea njiani. Siku hizi kuna programu za msimbo mchache. Sehemu kubwa na ngumu, kama usalama, hifadhi ya data na mawasiliano ya simu na seva, huwa tayari imekwishajengwa. Wanaobaki hujaza sehemu inayohusu kazi yao, kwa lugha iliyo rahisi kusomeka.

Katika CHT, fomu huandikwa kwenye lahajedwali, ileile ambayo karani wa ofisi hutumia kuorodhesha mishahara. Kila swali lina mstari wake. Safu moja hutaja aina ya swali: ni namba, tarehe, au chaguo? Nyingine hubeba maneno ya swali kwa Kiingereza, na nyingine kwa Kiswahili. Kuna safu inayoeleza swali hilo lionekane lini. Kwa mfano, swali la pumzi lisionekane kama mtoto hakohoi. Kuna nyingine inayozuia majibu yasiyowezekana, kama vile mtoto wa miezi minane mwenye uzito wa kilo 80.

Kwa utaratibu huo, muuguzi anayeijua lahajedwali anaweza kuusoma mstari wa pumzi na kusema, "Hapa pamekosewa." Hahitaji kuwa mhandisi.

Fomu peke yake haitoshi. Mradi mzima wa programu huwa folda moja yenye mafaili mengi. Kuna folda ya fomu za huduma na folda ya fomu za kusajili watu na kaya. Kuna faili la kazi, ambalo ndilo huamua mhamasishaji akumbushwe nini na siku gani. Kuna faili la malengo, linaloonyesha, kwa mfano, ni wajawazito wangapi waliotembelewa mwezi huu. Kuna mafaili ya tafsiri na ya picha ndogo zinazoonekana kwenye kioo. Mafaili ya kazi na malengo yana msimbo kidogo, ndiyo maana husemwa mchache, wala haisemwi hakuna.

Dirisha la maandishi na amri fupi

Folda hiyo iko kwenye kompyuta ya afisa. Itafikaje kwenye simu za wahamasishaji?

Hapo ndipo kinapoingia chombo kinachoitwa cht-conf. Hakina vitufe vya kubofya wala rangi za kuvutia. Hutumika kwenye mstari wa amri, yaani lile dirisha la maandishi matupu ambalo wengi wameliona kwenye sinema na kudhani ni la wadukuzi. Afisa huandika amri, hubonyeza kitufe cha kuingiza, na kompyuta hutekeleza na kujibu kwa maandishi.

Amri zenyewe ni maneno ya kawaida ya Kiingereza yaliyounganishwa kwa vistari. Zifuatazo ndizo hutumika zaidi.

Mradi mpya ukianzishwa, afisa huandika `cht initialise-project-layout`. Mara moja folda zote zinazohitajika hutengenezwa, kila kitu na mahali pake.

Lahajedwali la fomu likishahaririwa, amri ya `convert-app-forms` huligeuza kuwa muundo ambao simu inauelewa. Kama kuna kosa la uandishi, kwa mfano swali limetaja jina la swali jingine lisilokuwepo, chombo hulalamika hapohapo.

Kisha huja `upload-app-forms`, inayopeleka fomu kwenye seva. Afisa anaweza kupeleka fomu moja tu kwa kutaja jina lake mwishoni mwa amri, badala ya kugusa zote. Mipangilio mingine, pamoja na kazi na malengo, hukusanywa kwa `compile-app-settings` na kupelekwa kwa `upload-app-settings`. Tafsiri zina amri yake, `upload-custom-translations`.

Kabla ya yote hayo, afisa mwangalifu huchukua nakala ya akiba ya kilichopo kwenye seva, kwa `backup-app-settings` na `backup-all-forms`. Jipya likiharibika, la zamani lipo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kuhangaika na maandishi wakati kuna skrini za kubofya? Sababu ni tatu. Kwanza, amri iliyoandikwa inaweza kurudiwa vilevile kesho na mtu mwingine. Aliyebofya mara kumi na nne hawezi kukumbuka alibofya wapi. Pili, amri inaweza kuandikwa kwenye karatasi ya utaratibu na kukaguliwa kabla ya kutekelezwa. Tatu, seva ikiwa moja au zikiwa nyingi, amri ni ileile. Hubadilika anwani tu. Afisa hujaribu kwanza kwenye seva iliyo ndani ya kompyuta yake, kisha kwenye seva ya majaribio, na mwisho kwenye ile inayohudumia wananchi.

Lakini urahisi huo una makali yake. Ipo amri ya `delete-all-forms`. Kazi yake ni kama jina lake linavyosema: hufuta fomu zote. Mahali pake ni kwenye seva ya majaribio. Anwani ikikosewa kwa herufi chache, wahamasishaji wanaweza kuamka asubuhi na kukuta hawana cha kujaza.

Milango ya ukaguzi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mradi wa programu pia una daftari lake, na daftari hilo huitwa Git. Ni utaratibu wa kuhifadhi kila badiliko: nani amebadilisha, lini, mstari upi, na kwa sababu gani. Kwa kuwa mradi wa CHT ni folda ya mafaili, wote huwekwa humo.

Chombo cha cht-conf huzingatia daftari hilo. Afisa anapotaka kupeleka mabadiliko, chombo huweza kuangalia kwanza kama folda yake inalingana na kilichohifadhiwa kwenye daftari la pamoja. Ikiwa kuna badiliko alilolifanya kimyakimya bila kulihifadhi, au wenzake wamehifadhi jambo ambalo yeye hajalichukua, chombo humsimamisha.

Mlango wa pili ni huu. Tuseme maafisa wawili wanafanya kazi kwa wakati mmoja. Wa kwanza amerekebisha fomu ya pumzi asubuhi na kuipeleka. Wa pili, ambaye bado ana nakala ya jana, anataka kupeleka fomu hiyohiyo mchana. Bila onyo, angeirudisha fomu yenye kosa bila mtu kujua. Chombo hugundua kwamba kilichopo kwenye seva kimebadilika tangu afisa huyo alipopeleka mara ya mwisho, kisha humuuliza: utafuta mabadiliko ya mwenzako, utaahirisha, au ungependa kwanza kuona tofauti?

Jibu hutolewa na binadamu. Afisa mwenye haraka anaweza kuchagua kufuta. Tena kuna njia ya kuuambia mfumo uruke ukaguzi wa daftari. Kwa hiyo milango ipo, ila mlinzi wake ni nidhamu ya ofisi.

Mlango wa tatu ndio mkubwa zaidi, nao ni majaribio. Kuna chombo ndugu kinachojaza fomu chenyewe, kama mhamasishaji wa kuigiza, kisha kuangalia kama jibu ni sahihi. Jaribio la pumzi huandikwa mara moja tu: mtoto wa miezi 8, pumzi 50, lazima fomu iseme apelekwe kituoni. La pili: mtoto wa miezi 8, pumzi 49, isiseme anapumua kwa kasi. La tatu: mtoto wa miezi 12, pumzi 40, apelekwe. Kuanzia hapo, kila badiliko likifanywa, hata kama ni la kubadilisha neno moja la Kiswahili, majaribio yote hurudiwa kwa muda mfupi. Ile alama iliyokosekana ingenaswa kabla ya kutoka ofisini.

Chombo hicho kinaweza hata kusogeza kalenda mbele. Tuseme mama amejifungua leo, na mhamasishaji anapaswa kukumbushwa kumtembelea. Kwenye faili la kazi, ukumbusho una siku yake, siku za kuanza kuonekana kabla yake, na siku za kuendelea kuonekana baada yake. Mtu akiandika 1 mahali pa 7, ukumbusho utatoweka kabla mhamasishaji aliyekuwa matangani hajarudi. Mama hatatembelewa, na hakuna atakayelaumiwa, kwa kuwa simu haikudai chochote. Jaribio husogeza kalenda siku ya pili, ya tano, ya saba, na kuuliza kila mara: ukumbusho ungali upo?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jaribio moja huandikwa kwa muda mfupi. Kumtafuta kila mtoto aliyerudishwa nyumbani kimakosa ni kazi isiyo na mwisho.

Majina, kaya na siri za watu

Chombo hiki hakishughuliki na fomu pekee. Hutumika pia kupanga watu.

Kitengo kipya cha afya ya jamii kikianzishwa, orodha ya vijiji, kaya na wahamasishaji huandaliwa kwenye lahajedwali. Amri ya `csv-to-docs` huigeuza orodha hiyo kuwa kumbukumbu, na `upload-docs` huzipeleka kwenye seva. Amri ya `create-users` huwafungulia wahamasishaji akaunti kwa wingi. Kazi ambayo ingechukua siku nyingi za kuandika jina mojamoja humalizika katika kikao kimoja.

Mpaka wa kijiji ukibadilika, au mhamasishaji akistaafu na kaya zake kupewa mwingine, ipo amri ya `move-contacts`. Huhamisha kaya pamoja na historia yake yote: chanjo, mimba, rufaa. Hapa uangalifu unahitajika zaidi. Mhamasishaji aliyeko mahali pasipo na mtandao huenda ana ziara ambazo bado hazijafika kwenye seva. Kaya zikihamishwa kabla hajasawazisha simu yake, taarifa hizo huweza kuvurugika. Ndiyo sababu, wahamasishaji, mkipigiwa simu na kuambiwa msawazishe kabla ya tarehe fulani, msilichukulie jambo hilo kuwa usumbufu.

Kuna suala la siri. Orodha hizo zina majina, namba za simu na mara nyingine hali za kiafya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na anayezishika ana wajibu wa kuzilinda. Orodha ya kaya iliyosahauliwa kwenye kompyuta ndogo ya afisa ni kama rejista iliyoachwa kwenye kiti cha matatu. Inafaa ifutwe kazi ikiisha. Vilevile nenosiri likiandikwa ndani ya amri yenyewe hubaki kwenye historia ya kompyuta, ambako anayefuata kuketi anaweza kulisoma. Ni salama zaidi kuliingiza pale chombo kinapoliuliza. Na akaunti yenye uwezo wa kubadilisha fomu za kila mtu haifai kugawiwa kama ufunguo wa choo cha ofisi.

Yale ambayo chombo hakiwezi

Itakuwa makosa wakazi kuondoka na imani kwamba kompyuta imemaliza kazi.

Chombo hakijui kipimo sahihi cha pumzi. Kinajua tu kilichoandikwa. Aliyeandika jaribio akikosea kipimo kilekile alichokosea kwenye fomu, jaribio litapita na kosa litabaki. Kwa hiyo lazima muuguzi au afisa wa kliniki asome fomu na majaribio, aweke jina lake kwenye daftari kwamba amekubali.

Chombo hakijui kama neno la Kiswahili limeeleweka. Swali linaweza kuwa na sarufi safi na bado likawafukuza watu. Mama akiulizwa mbele ya mkwe wake swali linalogusa faragha ya ndoa, atajibu hapana hata kama jibu ni ndiyo. Hilo hugunduliwa na mhamasishaji aliyeketi kwenye mkeka huo, na ni lazima apatikane mtu wa kumsikiliza. Mtaji mkubwa wa programu za msimbo mchache ni huu: safari kutoka kwa lalamiko la mhamasishaji hadi kwa badiliko kwenye lahajedwali inaweza kuwa fupi. Lakini huwa fupi pale tu ofisi inapoamua iwe fupi.

Chombo pia hakiwezi kuifikia simu iliyozimwa. Fomu mpya ikishapakiwa kwenye seva, kila simu huipata inapokutana na mtandao. Kwa siku kadhaa, mhamasishaji wa sokoni anaweza kuwa na fomu mpya, na mwenzake wa mlimani akawa na ya zamani. Fomu iliyorekebishwa ikiwa inahusu usalama wa mtoto, haitoshi kuipakia na kunyamaza. Wasimamizi hupaswa kupiga simu, kutuma ujumbe, na ikibidi kutuma pikipiki.

Kila mmoja na sehemu yake

Mfumo wa eCHIS ni wa taifa, chini ya Wizara ya Afya, na vipimo vya kitabibu havibadilishwi kwa matakwa ya mtu mmoja katika ofisi yoyote. Hata hivyo, kuna ambayo kila mkazi anaweza kufanya.

Mkazi aliyetembelewa anaweza kuuliza. Kuuliza si ujinga. Simu ikisema mtoto yuko salama na mama anaona mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi, mama aende kituoni. Hakuna fomu inayomzidi mzazi kwa kumjua mwanawe. Baada ya hapo, amweleze mhamasishaji, ili aliyeandika fomu apate habari.

Mhamasishaji anayeona simu ikitoa shauri lisilolingana na mafunzo yake asitie shaka macho yake. Aandike umri wa mtoto, namba aliyoingiza na jibu alilopewa, kisha ampe msimamizi wake siku hiyohiyo. Mambo hayo matatu yanatosha kwa fundi kulirudia kosa na kulitafuta. Ujumbe unaosema tu kwamba simu ni mbovu haumsaidii mtu.

Wawakilishi wa wananchi, mifumo ya kidijitali inapojadiliwa kwenye vikao vya bajeti, wana maswali manne ya kuuliza. Fomu zimehifadhiwa kwenye daftari la mabadiliko? Kuna seva ya majaribio iliyo tofauti na ile ya wananchi? Ni nani wa kitabibu anayetia saini kabla ya fomu kutoka? Na mkataba wa mjenzi ukiisha, nani miongoni mwa waajiriwa anaweza kuandika amri hizo mwenyewe? Swali la mwisho ndilo huleta gharama kubwa likisahauliwa. Msimbo ulio wazi haumsaidii mwananchi kama hakuna mtu wa karibu anayejua kuusoma.

Vijana wa vyuo vya ufundi, swali hilo ni lenu. Chombo cha cht-conf hupatikana bure kwenye intaneti pamoja na mwongozo wake. Hufanya kazi kwenye kompyuta ya Windows, Mac au Linux, mradi iwe na Node na Python, ambazo pia ni za bure. Mwanafunzi anaweza kuendesha seva ndani ya kompyuta yake, aandike fomu ya pumzi, aandike majaribio yake matatu, aikosee makusudi kwa kuondoa ile alama moja, na kuona jaribio likimkatalia. Hakuna mgonjwa halisi anayehusika, na hakuna ruhusa inayohitajika. Atakayefanya zoezi hilo hadi mwisho atakuwa ameielewa kazi hii kuliko wengi wanaoitolea maamuzi.

Nao wauguzi na maafisa wa kliniki wasiogope lahajedwali. Wakiombwa kukagua fomu, wakae na fundi, wasome mstari kwa mstari, na wafike kwenye ile namba 50. Kisha waangalie alama iliyo mbele yake.

Muda wa maswali umefika, na wahamasishaji wapewe nafasi ya kwanza, kwani ndio wanaotembea na simu hizi juani.